Nani Amepiga Picha? Tafakuri za Santu Mofokeng kuhusu Maisha ya Kila Siku na Changamoto Yake kwa Uhakiki wa Picha Mnato

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi na tafakuri za Santu Mofokeng (1956–2020), mpigapicha wa Soweto, Afrika Kusini, aliyenasa maisha ya kawaida ya watu weusi huku akijihoji hadharani kuhusu uhalali wa kazi yake. Tunadai kwamba safari yake ya kifikra ilimfikisha mahali ambapo Kiswahili cha kila siku kimekwisha kufika, yaani kwamba mtu aliye ndani ya picha naye ni mpigaji wa picha hiyo. Tunalifuatilia wazo hilo katika Train Church (1986) na katika The Black Photo Album / Look at Me: 1890–1950, tukionyesha pia pale ambapo Mofokeng mwenyewe hakulitimiza. Sehemu ya mwisho inaligeukia eneo letu, hasa picha za ripoti za miradi na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi.

Utangulizi

Mtu anayetoka studio na bahasha mkononi husema kwa Kiswahili, "Nimepiga picha." Hakushika kamera wala hakubonyeza kitufe. Aliketi, akanyoosha kola, akakaza shingo, akaitazama lenzi. Wanafunzi wangu wa Kigali, ambao wengi wao wamekijia Kiswahili kupitia Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, hulisahihisha tamko hilo bila kusita: wanasema ilipasa kuwa "nimepigwa picha". Kanuni ya kauli ya kutendwa iko upande wao. Matumizi hayako upande wao. "Twende tukapige picha" ni mwaliko wa watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliye na kamera, na "tulipiga picha siku ya harusi" ni sentensi ambayo mtenda wake ni ukoo mzima, pamoja na bibi aliyeletwa kwa kiti hadi mbele ya safu.

Wanaisimu wanaweza kulieleza jambo hili kama upanuzi wa maana tu. Kwa mhakiki wa picha, hata hivyo, limebeba nadharia nzima. Linasema kwamba picha hutokana na tendo la zaidi ya mtu mmoja, na kwamba aliyeweka mkao ana sehemu yake katika utunzi. Uhakiki wetu wa picha mnato, ambao kwa Kiswahili bado ni mchanga, umelipita jambo hili bila kuligusa. Tumezoea kuchambua fani na maudhui ya riwaya na tamthilia. Tukifika kwenye picha tunauliza ilipigwa na nani, wapi na lini, kisha tunaihesabu kuwa ushahidi.

Nimemchagua Mofokeng kwa sababu ni miongoni mwa wapigapicha wachache wa Afrika walioandika kwa kina kuhusu wasiwasi wao wenyewe. Insha yake ya mwaka 2000, Trajectory of a Street Photographer, iliyotoka katika jarida la Nka, ni maelezo ya mtu aliyefanya kazi kwa miaka mingi, akageuka nyuma, na kukuta kwamba swali lililomsumbua halikuwa la mwanga wala la lenzi.

Mpigapicha wa mtaani

Mofokeng alianza akiwa kijana, akizunguka Soweto na kamera na kuwapiga picha watu waliomlipa. Baadaye aliajiriwa katika chumba cha giza cha gazeti, mahali ambapo mtu mweusi wa enzi hiyo aliruhusiwa kusafisha filamu za wengine kabla hajafikiriwa kuwa na jicho lake. Mwaka 1985 alijiunga na Afrapix, ushirika wa wapigapicha waliopinga ubaguzi wa rangi, na kuanzia 1988 hadi 1998 alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Hatua hiyo ya kwanza mara nyingi hurukwa na wahakiki, kana kwamba ni utoto wa msanii usio na uzito. Mimi naiona kuwa ndiyo ufunguo. Mpigapicha wa mtaani hana mamlaka juu ya mteja wake. Mteja ndiye anayeamua avae nini, asimame karibu na nani, redio ionekane au isionekane. Asipojipenda katika picha, halipi. Kila picha ni mapatano. Mofokeng alipoingia katika uandishi wa habari, mapatano hayo yalikatika ghafla: mlipaji sasa alikuwa mhariri, mara nyingi wa ng'ambo, na aliye ndani ya picha hakuwa tena na neno.

Ndani ya behewa

Juni 1986 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza hali ya hatari nchi nzima. Soko la picha lilitaka magari ya deraya, mabomu ya machozi na ngumi zilizoinuliwa. Mwaka huohuo Mofokeng alipiga mfululizo wa Train Church ndani ya treni za abiria kati ya Soweto na Johannesburg. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimewatenga watu weusi mbali na mahali pa kazi, hivyo safari ya alfajiri na ya jioni iliwalia saa za maisha yao. Abiria walizigeuza saa hizo kuwa ibada: wakahubiri, wakaimba, wakapiga kengele, wakazigonga kuta za behewa kama ngoma, wakawaombea wagonjwa.

Kwa upande wa fani, jambo la kwanza analoliona mtazamaji ni ukaribu. Kamera iko kwenye kimo cha abiria aliyesimama na haina nafasi ya kurudi nyuma. Viganja vinaikaribia lenzi, mabega yanakata fremu, nyuso nyingine zina ukungu kwa sababu mwanga ni hafifu na behewa linatikisika. Mhariri wa gazeti angeweza kuuita ukungu huo kasoro. Hapa ni taarifa: mpigapicha anatikiswa na treni ileile inayowatikisa waumini. Hakupanda treni hiyo akiwa mgeni. Alikuwa mmoja wa waliobanana ndani yake.

Picha hizi hazina majina ya watu, na naamini hazikuyahitaji. Mhusika wake ni kusanyiko, kitu kinachozaliwa stesheni moja na kuvunjika stesheni nyingine. Ukimtoa mmoja na kumpa jina, umeligeuza kusanyiko kuwa mandhari ya nyuma. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nitadai majina kwa nguvu, na sipendi msomaji adhani kwamba jina ni dawa ya kila picha.

Kitabu cha wageni

Katika miaka yake ya Witwatersrand, Mofokeng alikwenda kukaa na familia za vibarua na wapangaji wa mashambani karibu na Bloemhof, eneo lililokuwa magharibi mwa Transvaal. Picha za huko, pamoja na za mjini, zilionyeshwa Johannesburg mwaka 1990. Yeye mwenyewe anasimulia kilichotokea. Mtazamaji mmoja aliandika katika kitabu cha wageni maneno machache yenye kudai kwamba mpigapicha huyu anatafuta fedha kwa kuwatumia watu weusi.

Ilikuwa rahisi kuyapuuza maneno hayo. Mofokeng alikuwa mweusi, mwana wa Soweto, mwanachama wa Afrapix. Angeweza kutaja sifa hizo na kufunga mjadala. Hakufanya hivyo. Aliyachukua kama swali halali, na swali likamwelekeza kwenye jambo la kawaida sana ambalo watafiti walikuwa wamelipita: watu hao aliowapiga picha walikuwa na picha zao wenyewe. Zilikuwa ukutani, kabatini, katika masanduku na mifuko ya plastiki. Katika picha hizo hakuna aliyeonekana kama mfano wa umaskini au wa mapambano. Walikuwa wamevaa vizuri, wamesimama wima, wameshikana mikono.

Kuanzia hapo swali lake linageuka. Haulizi tena, "Niwaonyesheje watu hawa?" Anauliza, "Wao wamechagua kujionyesha vipi, na kwa nani?" Wahakiki kadhaa wameuona mgeuko huu kuwa ni kuhama kutoka siasa kwenda sanaa. Sikubaliani nao. Naona ni kurudi kwenye mapatano ya mtaani aliyoyaanza nayo.

Albamu ya watu weusi

Zao kubwa la mgeuko huo ni The Black Photo Album / Look at Me: 1890–1950, lililoonyeshwa katika Johannesburg Biennale ya pili mwaka 1997 kama slaidi themanini, na kutoka kama kitabu mwaka 2013. Ndani yake hakuna mtu hata mmoja aliyewekwa mkao na Mofokeng. Alizikusanya picha za studio kutoka kwa familia, akazinakili na kuzisafisha, akahoji jamaa, akaweka kati ya picha na picha slaidi zenye maandishi.

Slaidi mojawapo inamwonyesha bibi na binti yake katika studio ya mji mdogo wa Lindley, katika koloni la Orange River. Nguo ni za Kizungu za wakati huo na mkao ni wa utulivu. Maelezo ya Mofokeng yanatuarifu kwamba bibi huyo alizaliwa katika familia ya wale walioitwa inboekselings, yaani watoto waliofungishwa kazi ya lazima katika mashamba, na kwamba familia hiyo baadaye ilifanikiwa kwa ufugaji na kilimo cha nafaka. Bila maelezo hayo tungeona mavazi tu, na huenda tungeyadharau kuwa ni uigaji. Tukiyapata, tunaona umbali uliotembewa na ukoo ule hadi kufika mbele ya kamera, na tunaelewa kwa nini wameivalia siku hiyo.

Mofokeng haturuhusu kutulia hata hapo. Katika slaidi za maandishi anauliza kama picha hizi ni ushahidi wa akili iliyotawaliwa au zilikuwa jibu kwa sura ya Mwafrika iliyokuwa ikisambazwa na wakoloni. Swali hilo lina mhasimu wake. Kati ya 1928 na 1954, Alfred Martin Duggan-Cronin alichapisha juzuu za picha kuhusu makabila ya Kibantu ya Afrika Kusini, ambamo watu walipangwa kwa kabila na kwa aina, kama mimea. Wakati vitabu hivyo vikitoka, watu walewale walikuwa wakiingia studio kwa fedha zao na kupiga picha nyingine kabisa. Makumbusho yaliyahifadhi makabila. Familia zilihifadhi watu.

Neno ambalo Mofokeng alilirudia katika maandishi yake ni la Kisotho, seriti, ambalo aliliweka sambamba na isithunzi la Kizulu. Maana ya msingi ni kivuli, lakini linabeba pia utu, uwepo, hadhi na nguvu anayokuwa nayo mtu mbele za wenzake. Kiingereza kilimwishia hapo, akaliacha kama lilivyo. Kiswahili chetu hakina neno moja la kulifikia. Tungelazimika kuunganisha kivuli, haiba na staha. (Hata hivyo tunao ucheshi wetu: nakala ya cheti inayotolewa kwa mashine tunaiita kivuli, na ofisi hudai kivuli hicho ili kuthibitisha kwamba mwenyewe yupo.) Seriti haimo ndani ya mtu mmoja peke yake. Mtu huipata kwa kutambuliwa. Ndiyo maana picha ya studio huwa mara nyingi ya wawili au zaidi, au ya mmoja anayejipigia picha ili kumpelekea mwingine.

Kuna mahali albamu hii inapungukiwa. Usafishaji umeziondolea picha nyingi dalili za kuhifadhiwa: mikunjo, madoa ya vidole, kona zilizotafunwa. Mgongo wa picha, mahali watu wetu huandika "kumbuka" na tarehe, hauonekani. Kwa mtu aliyefundisha kwamba picha ni uhusiano, ni ajabu kwamba tunaoneshwa waliosimama mbele ya kamera lakini hatuoni waliozitunza picha miaka hamsini. Tena, picha zilizotoka katika masanduku ya Soweto zimesafiri hadi majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 Mofokeng alikuwa miongoni mwa wasanii wanne wa banda la Ujerumani huko Venice. Yule aliyeandika katika kitabu cha wageni mwaka 1990 angeweza kuuliza tena. Sidhani kwamba Mofokeng alikuwa na jibu, na sidhani kwamba alijidai kuwa nalo.

Analolifanya kwa uaminifu ni kuacha mapengo wazi. Pale ambapo hakupata jina, anauliza watu hawa ni nani na walitarajia nini. Hajazi pengo kwa neno la jumla. Tofauti hii ni ndogo katika ukurasa na kubwa katika maadili: "hatumjui mtu huyu" ni kauli kuhusu sisi tunaotazama, ilhali "mwanamke wa kijijini" ni kauli inayomfuta yeye.

Kwetu: chumba cha Gisozi na picha za ripoti

Kwa sisi tulioko Rwanda, mjadala huu una uzito wa pekee. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, huko Gisozi, kuna chumba ambamo picha zilizotolewa na familia zimeninginizwa kwenye nyaya. Ni picha za kawaida kabisa: harusi, ubatizo, siku ya shule, vijana wameegemea pikipiki. Hakuna mpigapicha mashuhuri. Mwaka 1994 watu hao walikuwa pia na picha nyingine, ile ya kitambulisho, iliyobandikwa kando ya neno lililotaja kabila na ambayo kwenye kizuizi cha barabarani iliweza kuwa hukumu. Sura ni ileile. Ile ya kitambulisho ilipigwa kwa ajili ya serikali. Ile ya waya ilipigwa kwa ajili ya shangazi, mchumba, rafiki.

Katika chumba cha watoto, maelezo yaliyo chini ya picha kubwa yanastahili kusomwa na kila mhariri. Yanataja jina na umri, kisha chakula ambacho mtoto alikipenda, mchezo wake, rafiki yake. Hakuna istilahi. Maelezo hayo yameandikwa kutokana na kumbukumbu za watu waliompikia mtoto chakula hicho.

Sasa tuyalinganishe na ripoti tunazozisoma na kuziandika. Katika ripoti za miradi za ukanda huu, picha ya mtu wa kawaida huja na maelezo ya aina moja: "mnufaika wa mradi", "mkulima", "mama na mtoto". Neno mnufaika linanisumbua kuliko mengine, kwa sababu nalo linataja uhusiano. Linamtaja mtu kwa uhusiano wake na fedha za mfadhili, na kwa huo tu. Mume, dada, deni alilolilipa, kikundi cha akiba alichokianzisha, vyote vimekaa nje ya fremu.

Wataalamu wa sera watajibu kwamba tuna sheria. Ni kweli: Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sizidharau, kabla yake mtu aliyetumika katika bango bila kuulizwa alikuwa na njia chache za kulalamika. Lakini sheria hizi zinamwona mhusika wa taarifa akiwa mmoja mmoja, na picha hukaa na watu wengi: picha moja ya harusi ina watu ishirini, wengine watoto, wengine wamekwisha kufariki. Halafu fomu ya ridhaa, kama inavyotumika shambani, husainiwa kabla picha haijapigwa. Mtu anaridhia kitu ambacho hajakiona, na maelezo yatakayoandikwa chini yake hayajui kabisa.

Kwa mtazamo wa Mofokeng, swali la maana huja baada ya picha. Je, imerudi? Aliyemo ameiona? Maelezo yake ameyatunga nani? Ningependekeza kwa taasisi zinazoagiza picha kwamba maelezo yatungwe pamoja na mtu mwenyewe, kwa lugha anayoizungumza, na nakala ya karatasi ifike nyumbani kwake. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha warsha. Kuhusu jina, tahadhari inahitajika. Mkimbizi, manusura au mgonjwa anaweza kudhurika kwa kutajwa, na hapo kificho ni heshima. Hata hivyo anayefichwa jina bado anaweza kuulizwa aitweje. Wengi watachagua neno lao: fundi cherehani, mwalimu, mama wa mapacha. Maneno hayo yanamlinda na yanambakisha kati ya watu wake.

Nayaandika haya nikiwa nimo ndani ya kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri ripoti ya mradi wa maji wa shirika moja. Jalada lilikuwa na picha ya mwanamke aliyesimama karibu na bomba, amevaa kitenge ambacho ni dhahiri hakikuwa cha kuchotea maji, alikuwa amejitayarisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya bega la mtu ambaye mbunifu wa jalada alimkata ili kupata nafasi ya nembo. Niliandika "mnufaika" na kupeleka kazi kwa mpigachapa. Nilipoanza kutayarisha makala hii niliomba faili la picha hizo, nikitaka kujua yeye ni nani na bega lile lilikuwa la nani. Nililetewa picha yote, haijakatwa. Aliyekuwa kando yake ni mzee aliyevaa koti na kofia, naye pia ameitazama lenzi. Jina la faili lilikuwa namba iliyowekwa na kamera.